Uzi Mwekundu Shingoni mwa Kufuli

Vijana wangu,

Katibu wenu amenipigia simu mara tatu. Anataka niandike kurasa chache zisomwe siku mtakapokula kiapo na kupewa kadi za uanachama. Mara ya tatu akaniongezea maelekezo: "Mzee Deo, uwatie moyo hawa watoto. Na uwachekeshe, wewe si mcheshi?" Nikamjibu sawa. Nitachekesha kidogo kwa sababu nimeombwa, kisha nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya chama. Atakayepewa kusoma asiruke mstari. Katibu, nakufahamu tangu ukiwa na nywele, usiruke.

Mimi ni Deogratias, fundi wa funguo na vitasa. Nimekaa kwenye kibanda kimoja pale Kayanga zaidi ya miaka thelathini, mpaka macho yalipokataa kuona meno ya ufunguo. Nilizaliwa Nyakakika katikati ya migomba, na kama mkono wangu usingekuwa mwepesi kwenye tupa ningekuwa huko mpaka leo napalilia maharage. Kwenye daftari la chama chetu cha mafundi wa Karagwe na Kyerwa mimi ni wa pili kuandikishwa. Wa kwanza alikuwa mwalimu wangu, Mzee Athumani, Mungu amrehemu.

Mzee Athumani alikuwa na duka la vifaa, na nyuma ya duka ndipo ilipokuwa meza ya funguo. Wazazi wake walitoka Tanga. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hivi kwamba sisi tuliokulia kwenye Kinyambo tulikuwa tunafikiri mara mbili kabla ya kufungua mdomo mbele yake. Miezi mitatu ya kwanza hakuniruhusu kugusa ufunguo wa mtu. Alinipa vipande vya shaba chakavu nichonge meno, nikimaliza anatazama, anavitupa kwenye kopo. Siku moja nikakasirika, nikasukuma tupa kwa nguvu mpaka kipande kikaruka kikampiga kwenye kofia. Akakiokota, akanirudishia. "Mwanangu," akasema, "shaba haijakukosea kitu. Anza tena."

Nyinyi mna mashine. Unabana ufunguo upande huu na upande huu, unawasha, kelele kidogo, umemaliza. Sikatai, ni jambo zuri. Lakini mashine inanakili hata kosa. Ukiletewa ufunguo uliolika, mashine itakupa mwingine uliolika vilevile, na mteja atarudi kesho amefura. Kabla hujawasha, pitisha kidole kwenye meno, usikilize kidole kinasema nini. Na penseli msiidharau. Kufuli likigoma kwa vumbi letu hili jekundu usimimine mafuta, maana mafuta na vumbi vinakuwa tope. Kwangua ile risasi ya penseli iwe unga, puliza ndani ya tundu, ingiza ufunguo utoe mara kadhaa, basi.

Kuna mama mmoja wa kwenye malisho aliniletea kufuli lililokataa kabisa. Kumbe alikuwa amelijaza samli. Kwa wafugaji samli inalainisha kila kitu, kuanzia ngozi ya mtoto mchanga mpaka ugomvi wa mashemeji, naye akaona na kufuli litakubali. Nilipolifungua wakatoka sisimizi na mayai yao, ukoo mzima. Nikamwambia, "Mama, hili si kufuli tena, hapa pameshakuwa kijiji, tutafute mwenyekiti." Alicheka mpaka akakaa chini.

Haya, katibu, nimechekesha. Sasa nyuzi.

Nyinyi wa mafunzo mmeshafundishwa kuhusu nyuzi, lakini hamjaambiwa zilianzaje. Makufuli haya ya kawaida, yanayofunga vibanda na stoo nyingi za huku kwetu, yanakuja dazeni ndani ya boksi. Mnunuzi anaamini kila kufuli lina ufunguo wake ambao haufanani na mwingine duniani. Si kweli. Ukimwaga boksi zima na kujaribu kila ufunguo kwenye kila kufuli, utakuta ziko aina tatu, pengine nne, basi. Yaliyobaki ni mapacha.

Mzee Athumani aliligundua hilo kabla sijamfahamu, na akabuni utaratibu wake. Boksi likifika, akitoka kuswali adhuhuri tunaegesha mlango wa duka, tunayamwaga makufuli mkekani, tunajaribu moja baada ya jingine. Yanayofunguana tunayafunga uzi wa rangi moja shingoni: mekundu, meupe, meusi. Kuuza nako kulikuwa na kanuni. Kila mteja lazima aulizwe, "Umetoka wapi, ndugu yangu?" Kama kijiji chake kimeshapata kufuli la uzi mwekundu, hapati jekundu tena. Anapewa jeupe au jeusi, na kama hayapo anaambiwa arudi boksi jipya likija. Mekundu ya boksi moja alikuwa anayatawanya: moja Nyakasimbi, moja Nyakakika, moja Kiruruma, moja kule Murongo mpakani. Yote aliyaweka kichwani. Watu waliona ni ukarimu wa mtu wa pwani kupenda kuuliza mgeni anatoka wapi. Wengine walisema uzi ule ni kinga ya wezi, na hatukuwakatalia.

Sasa chama. Zamani fundi wa funguo ndiye alikuwa wa kwanza kushukiwa. Nyumba ikiibiwa Kayanga, asubuhi watu wanakuja kibandani kwangu kuniuliza nililala wapi. Tukachoka. Mzee Athumani akatukusanya, tukatafuta mafunzo kwenye chuo kimoja cha ufundi Bukoba, tukarudi na vyeti, tukaandika katiba. Kiapo kina vipengele vitano, mnavijua. Kipengele cha tatu kinasema: "Sitamweleza mtu asiye fundi udhaifu wa kufuli lolote." Kile nilikiandika mimi, kwa mkono wangu. Nilikuwa nawafikiria wezi. Mtu akijua habari ya mapacha atanunua makufuli matatu tu, na kila mlango wa wilaya utakuwa wake.

Cheti changu nilikitundika kibandani, kwenye kioo. Watu walianza kuniita mtaalamu. Nilipenda, sitaki kuwadanganya.

Wakati huo, kwenye kijiji kimoja upande wa Kiruruma ambacho sitakitaja, wafugaji walikuwa na josho lao la kuogeshea ng'ombe. Pembeni ya josho kulikuwa na stoo ya dawa. Mtunza stoo aliitwa Zakaria, Ta Zakaria, kama tunavyowaita wanaume wa heshima huku kwetu. Mzee wa kanisa, mfugaji mwenye zizi zuri, mtu wa maneno machache. Alinunua kufuli dukani kwa Mzee Athumani, lenye uzi mwekundu, nami nikaenda kumfungia vile vyuma vya mlangoni. Nilipomaliza akanipeleka kwake. Mke wake, Ma Yusta, akaniletea maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, na nilipotaka kuacha kidogo chini akanitazama vibaya. "Waitu," akasema, kwa lile neno letu la kumsihi mtu kwa heshima, "mgeni hatoki kwenye nyumba ya ng'ombe akiwa ameacha maziwa. Unataka watu waseme nini?" Nikayamaliza yote. Mpaka leo sijanywa maziwa matamu kama yale.

Baada ya kama mwezi hivi Mzee Athumani alisafiri kwenda Tanga kumzika dada yake, akaniachia duka. Ikaja siku ya gulio, watu wengi, kelele, nami najiona tajiri mdogo nyuma ya kaunta. Akaja mtu mmoja anataka kufuli la kibanda chake cha kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikamuuliza kama nilivyofundishwa, "Umetoka wapi, ndugu yangu?" Akataja kijiji kilekile cha Zakaria. Nikaangalia kwenye boksi. Meupe yameisha, meusi yameisha. Yamebaki mekundu matatu.

Nilipaswa kumwambia arudi. Alikuwa ametoka mbali, jua linawaka, nyuma yake kuna foleni, na mimi sikutaka aonekane mtu anatoka mikono mitupu kwenye duka nililoachiwa. Nikachukua wembe, nikaukata ule uzi, nikamuuzia. Naomba msikilize hapo kwenye wembe. Mtu asiyejua anachofanya hakati uzi.

Miezi ikapita. Wafugaji wa kile kijiji wakaanza kuona kupe hawatoki. Wanaogesha ng'ombe, wiki inayofuata kupe wako palepale masikioni. Halafu ndama wakaanza kuvimba tezi, kuhema, kufa. Ndigana, ile homa ya kupe. Nyumba moja ndama wawili, nyumba nyingine wote. Wakafungua madumu stoo na kukuta dawa imeibwa, yamejazwa maji. Kwa muda usiojulikana walikuwa wanaogesha ng'ombe kwa maji. Na kufuli la stoo lilikuwa zima, limefungwa, halina hata mkwaruzo.

Mwenyekiti wa kijiji akaandikia chama chetu barua akiomba fundi mwenye cheti aje kulikagua kufuli mbele ya mkutano. Ilikuwa barua ya kwanza chama kuandikiwa na serikali ya kijiji. Mzee Athumani alikuwa bado Tanga, anashughulikia mirathi ya marehemu dada yake. Nilivaa koti, nikakitoa cheti kwenye kioo, nikakitia kwenye bahasha.

Mkutano ulifanyika palepale kwenye josho, watu wamekaa juu ya ule ukuta wa kuswagia ng'ombe. Josho huwa linanuka dawa mpaka machozi yanakutoka. Siku ile lilikuwa linanuka matope tu. Hakuna aliyeniomba cheti, lakini nilikitoa na kukionyesha.

"Fundi," mwenyekiti akaniuliza, "hili kufuli limechokonolewa?"

Nililimulika kwa tochi, nikachungulia tundu. "Halijachokonolewa."

"Limevunjwa likatengenezwa?"

"Hapana."

Akamgeukia Zakaria. "Ta Zakaria, funguo za hili kufuli ni ngapi?"

Zakaria akavua kamba shingoni. "Ni tatu, mwenyekiti, na zote hizi hapa. Sijawahi kumpa mtu. Nikilala ziko shingoni."

Watu wakaguna. Mimi ndani yangu nilikuwa namwomba aseme kwamba mmoja ulipotea, kwamba mtoto aliuchezea, chochote. Mzembe angepona siku ile. Yeye aliuinua ushahidi wa uaminifu wake juu ili wote waone, na ndio uliomfunga.

"Sasa, fundi, wewe ndiye mtaalamu," mwenyekiti akasema. "Kuna ufunguo mwingine unaoweza kulifungua hili?"

Msidhani nilibabaika. Nilikuwa na muda wa kutosha. Kilichonijia kwanza ni kipengele cha tatu, nacho kilikuja kimevaa vizuri, kama rafiki aliyetumwa kuniokoa. Niliapa. Hawa si mafundi. Nikisema, kesho wilaya nzima itajua habari ya mapacha, chama kitakufa hata kabla ya kutambaa. Yote hayo niliyafikiri na yalikuwa kweli. Lakini nyuma yake kulikuwa na ule wembe. Nikisema kuna ufunguo mwingine wataniuliza uko wapi, na nitalazimika kusema nimeuuza mimi, hapahapa kijijini kwenu, kinyume na kanuni ya duka, na nikakata uzi ili nisionekane. Yule mtu wa kibanda cha rubisi alikuwa amekaa ukutani na wenzake, anatafuna jani. Sikusema wakati ule na sisemi leo kwamba ndiye aliyeiba. Inawezekana alikuwa hajui kabisa kwamba ufunguo wake unafungua mlango wa pili. Sijui na sitajua.

Nikajibu, "Funguo zake ni hizo tatu."

Tazameni jinsi nilivyolichonga lile jibu. Mtu akiniuliza mbele ya Mungu nitasema sikudanganya.

Mzee mmoja aliyekuwa amepoteza ndama wake wote akasimama, akajikung'uta vumbi. "Basi, mtaalamu keshasema," akasema. Wakakubaliana yaishe hukohuko kijijini, kwa desturi ya wafugaji. Ng'ombe wa Zakaria wakagawanywa kwa waliofiwa na mifugo, wiki ileile, na zizi likabaki wazi. Kanisani wakamwomba apumzike uzee.

Siku chache baadaye akanijia kibandani. Alitembea kwa miguu kutoka kwao, maana hakukuwa na mtu wa kumpa lifti. Nilidhani amekuja kunitukana. Akanisalimu, akakaa kwenye benchi la wateja, akasubiri hadi nikamaliza kumhudumia mtu.

"Fundi," akasema, "mimi sijasoma mambo haya. Nieleze tu ule mlango ulifunguka vipi. Nimefikiri mpaka nahisi kichwa kitapasuka. Siku nyingine najiuliza labda mimi mwenyewe huwa naamka usingizini, naenda kufungua, halafu asubuhi sikumbuki. Ma Yusta ameanza kunifunga mguu kwa kamba nikilala, nimemwomba mwenyewe. Niambie ukweli, waitu. Kuna njia?"

Hapo hapakuwa na mkutano, hapakuwa na mwenyekiti. Ilikuwa mimi na yeye.

"Pole sana, Ta Zakaria," nikasema. "Hata mimi sielewi."

Huo ndio uongo wangu, na huo hauna pa kujificha. Alinishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru kwa muda wangu, akaondoka. Mwezi uliofuata nikasikia amehama na familia yake kwenda upande wa Kyerwa, mbele ya Nkwenda, ambako hakuna anayewajua.

Mzee Athumani aliporudi kutoka Tanga nilimweleza yote, hata habari ya wembe. Hakunigombeza. Aliketi mkekani pale tunapojaribia makufuli, akavua kofia, akaishika. "Kile kipengele tulikiweka kwa ajili ya mwizi, Deo," akasema. "Hatukukiweka kwa ajili ya mtu anayetafuta haki yake. Hilo nalo lilihitaji kuandikwa?" Kisha akasema, "Nenda."

Nikamwambia nitakwenda Jumatatu. Jumatatu ikawa na wateja. Mzee Athumani aliniuliza mara mbili au tatu, baadaye akaacha kuniuliza, na hakuwahi tena kuniita mwanangu. Aliniita Fundi, kama wateja, mpaka tulipomzika. Yale makufuli mawili yaliyobaki ya uzi mwekundu niliyatoa dukani nikayaweka kwenye sanduku chini ya kitanda changu.

Nimefundisha mafunzo ya chama mara nyingi tangu hapo. Mliokuwepo darasani safari hii mnamkumbuka mwenzenu Agripina, yule wa Nyakasimbi, anayeandika kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimewamwagia boksi mezani mfunge nyuzi. Yeye akafika kwenye mapacha, akafungua, akafunga, akafungua, kisha akainua mkono.

"Mwalimu, mtu akiambiwa ni mwizi kwa sababu eti ufunguo anao yeye peke yake, na sisi tunajua hii habari, tunafanyaje?"

Nikajibu kwa sauti ya ualimu, "Kiapo kinasema nini? Kipengele cha tatu."

"Tunanyamaza?"

"Tunanyamaza."

"Hata akifungwa?"

Nikawaambia ni saa ya chai. Mlifurahi, maana ilikuwa bado saa nzima kabla ya chai. Mimi nilibaki darasani, nimeshika meza. Nimeomba viongozi wabadilishe kile kipengele, waongeze maneno machache tu, kwamba mbele ya mkutano au mahakama fundi atasema anachokijua. Wamesema wataliangalia. Kwa hiyo siku yenu ya kiapo mtakisoma kama nilivyokiandika mimi. Agripina, mama, ukifika hapo simama uulize tena lile swali lako. Uliza kwa sauti, hata wakikuambia ni saa ya chai.

Jumapili iliyofuata lile swali nilikwenda Kyerwa. Nilichukua gari mpaka Nkwenda, kisha pikipiki. Nilikuwa na yale makufuli mawili kwenye mfuko wa koti, nyuzi zao bado ziko shingoni, zimefifia.

Zakaria alikuwa ameshafariki, mwaka wa nne sasa. Hilo nililijua njiani kwa kuuliza. Ma Yusta nilimkuta nje ya nyumba ndogo ya udongo anachambua maharage, kwenye kipande cha shamba alichoazimwa na watu wa kanisa. Amezeeka, mgongo umepinda. Nikamwamkia, "Shikamoo, Ma Yusta."

"Marahaba." Akanitazama muda mrefu. "Wewe ni yule fundi wa cheti."

Alinipa kigoda. Nikamweleza yote, bila kuchonga. Boksi, nyuzi, wembe, mkutano, na siku ile aliyokuja mume wake kibandani. Mikono yake iliendelea kuchambua maharage mpaka nilipofika kwenye kamba ya mguuni, ndipo ikasimama.

"Nionyeshe," akasema.

Nikatoa makufuli. Nikachukua ufunguo wa moja, nikalifungua. Kwa ufunguo uleule nikalifungua la pili.

"Rudia."

Nikarudia.

"Hivi tu?"

"Hivi tu, mama."

"Mawe!" akasema taratibu, kama tunavyomwita mama tukishangaa. "Kumbe ilikuwa kazi ndogo hivi. Hata maji ya chai yasingechemka kabla hujaimaliza."

Akainuka kwa shida, akaenda kwenye ua, akamwita jirani. Akaja mama mmoja na mtoto mgongoni. "Mwonyeshe," Ma Yusta akaniambia. Nikafungua la kwanza, nikafungua la pili. Akaita nyumba ya pili. Akaita wazee wawili waliokuwa wanapita kutoka kanisani. Kila aliyekuja nikafungua la kwanza, nikafungua la pili, kwa ufunguo mmoja. Wale watu hawakuwahi kusikia habari ya josho. Kwao Zakaria alikuwa mzee mgeni aliyehamia, akaishi kimya, akafa. Mmoja wao akauliza, "Kwani, Ma Yusta, kuna nini?"

"Tazameni tu," akasema. "Mtu akiwauliza siku moja, mseme mliona."

Walipotawanyika jua lilikuwa limeshuka upande wa mto. Makufuli akayachukua, akasema atawaonyesha wajukuu. Mimi nilipiga magoti pale kwenye maganda ya maharage, nikamwomba msamaha. Alinishika bega kama mtu anayetafuta pa kujiegemeza, akaingia ndani. Nikamsikia anahamisha vitu, anafunua, anafunika. Nikajua anatafuta kitu cha kumpa mgeni.

Alitoka na kikombe cha maji. Hakunitazama usoni alipokuwa ananipa, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye aibu.

"Utanisamehe, fundi," akasema. "Nyumba hii haina maziwa."